Povu Lisilochapika

Chuoni walimwita Kifutio, na jina hilo alilitolea jasho. Wenzake wakipewa bango la kuchora, walijaza: ua huku, kivuli kule, rangi tano mahali pa mbili, maneno yaking'aa kama meno ya dhahabu. Yeye naye alijaza, kisha akakaa kufuta. Alifuta ua. Alifuta kivuli. Alifuta mstari uliozunguka maneno, mpaka mwalimu wa usanifu akasimama nyuma yake na kumuuliza kama leo anakusudia kuwasilisha karatasi tupu.

"Nafuta mpaka nifike pale ambapo nikigusa kingine, kazi inakufa," alijibu. "Hapo ndipo najua nimemaliza."

Darasa likacheka, na jina likamganda kama kupe.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa usanifu wa michoro, na alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulimwingia kama unyevu unavyoingia ukutani, na kila asubuhi alijikuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akijaribu kukumbuka alikuwa anakwenda wapi. Asubuhi ilikuwa ya chuo. Mchana ulikuwa wa duka la uchapaji, ambako alipanga kadi za mialiko, risiti na kalenda, akailisha mashine karatasi, na kuwasikiliza wateja waliotaka jina la kampuni liongezwe ukubwa, kisha liongezwe tena. Akirudi nyumbani alikuta chumba cha mbele kimejaa kazi ya mama yake, fundi cherehani: vitambaa kitini, vitambaa dirishani, sare za shule zisizo na mikono bado zikining'inia mlangoni. Kompyuta yake aliiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Mama akitaka kupiga pasi, elimu ya juu ilishuka sakafuni.

"Samahani, msomi," mama alisema kila mara, huku akiusogeza waya wa kompyuta kwa mguu. "Hii suruali ina safari kesho."

Kilichomfanya avae kile kiatu cha pili kilikuwa kitu kimoja. Mjini palikuwa na studio ya usanifu ambayo wanafunzi waliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja nyumba ya wakwe. Kila mwaka mkurugenzi wake alikuja kwenye maonyesho ya wahitimu, akapita meza hadi meza, na mwisho akamchukua mwanafunzi mmoja kwa mafunzo ya kazi. Waliochukuliwa hawakuonekana tena wakizunguka na vyeti kwapani, walibaki hukohuko. Kwa Kifutio, nafasi ile ilimaanisha kuwa na kazi moja nzima badala ya nusu mbili. Tena ilimaanisha mama kuacha kushona vitambaa vyeusi, ambavyo siku hizi alivishona kwa kupapasa, akiulenga uzi kwenye sindano kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mama hakulalamika. Angelalamika, ingekuwa nafuu.

Mada ya mwaka ule ilikuwa usanifu usioacha taka, na kazi ilifanywa na wawili wawili. Mwenzake alikuwa kijana mrefu waliyemwita Msemaji, kwa kuwa angeweza kumuuzia samaki maji.

"Wewe futa, mimi niuze," alimwambia siku walipopangwa pamoja. "Kuna ndoa zimesimama kwa vichache kuliko hivyo."

Walichagua sabuni. Mtaani kwao Kifutio palikuwa na karakana ndogo iliyotengeneza sabuni nyeupe, nzuri, isiyo na makuu, ambayo ilifungwa kwa plastiki ya kung'aa. Mtu aliichana plastiki ile mlangoni pa duka, na kabla povu halijamkauka mikononi, ilikuwa imeshafika mtaroni. Sabuni iliisha, lakini nguo yake ingeishi kuliko wajukuu wa aliyeivua. Na nguo ile haikushuka kutoka mawinguni. Kulikuwa na mtu, amesoma, ameketi mbele ya kompyuta kama wao, aliyeamua iwe hivyo, na akapongezwa kwa jinsi inavyong'aa. Jambo hilo lilimkera Kifutio kuliko harufu ya mtaro wenyewe.

Basi wakaamua: karatasi ya kaki iliyotengenezwa kwa karatasi chakavu, wino wa rangi moja, hakuna gundi, mkunjo tu. Na mbele, mikono miwili inayosuguana, na povu jeupe likipanda kutoka kati ya vidole mpaka juu kabisa. Povu ndilo lililokuwa kazi yote. Kifutio alilichora na kulifuta kwa majuma, duara moja moja, mpaka likawa jepesi kiasi kwamba ukilitazama unahisi ukilipuliza litaondoka. Kwenye kompyuta aliweka picha ya karatasi ya kaki chini, mikono ya buluu juu yake, na povu jeupe. Mwalimu alilipitia na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Msemaji alilipiga picha akawatumia jamaa zake wote.

Siku ya kuchapa, Kifutio aliomba mashine ya dukani baada ya kazi za wateja kwisha. Akapanga karatasi, akabonyeza, akaitwa mbele kumhudumia mama mmoja aliyetaka picha ya pasipoti isiyomwonyesha kidevu. Aliporudi, furushi zima lilikuwa limekwisha kutoka, na Msemaji alikuwa amesimama na karatasi moja mkononi.

"Povu liko wapi?" aliuliza.

Kifutio akaitwaa. Mikono ilikuwepo, ya buluu, safi, inasuguana. Juu yake hapakuwa na kitu, ni kaki tupu. Ilikuwa mikono ya mtu anayelalamikia baridi.

Alielewa papo hapo, na kuelewa kule kulimuuma zaidi ya kutoelewa. Mashine ya kuchapa haina wino mweupe. Weupe wa kitabu, wa gazeti, wa kadi ya mwaliko, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Karatasi ikiwa ya kaki, nyeupe inatoka kaki. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaeleza wateja pale pale dukani. Lakini majuma yale yote alikuwa akitazama kioo chenye taa nyuma yake, na kwenye kioo nyeupe ni rangi kama rangi nyingine. Macho yake yalizoea uongo mpaka yakausahau ukweli, na ya Msemaji, na ya mwalimu pia.

"Limekwenda wapi?" Msemaji alirudia, akigeuza karatasi nyuma kana kwamba povu limejificha huko.

"Halichapiki. Nyeupe haichapiki."

Msemaji akafumba macho. "Tulifundishwa hilo."

"Tulifundishwa."

"Siku ile nilikuwepo."

"Ulikaa nyuma yangu. Ulikuwa unakula karanga."

Wakakaa sakafuni, migongo ukutani, furushi kati yao. Baada ya muda Msemaji akasema, "Tuchape upya, kwenye karatasi nyeupe."

"Na hizi?"

"Tutazitupa."

"Kazi yetu inaitwa Bila Taka."

"Tutazitupa kimyakimya."

Kifutio alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kicheko peke yake au yalikuwa yakingoja nafasi. Alizibeba zote nyumbani.

Asubuhi yake, mama akiwa anaondoa nyuzi kwenye kola, Kifutio aliifunga sabuni moja kwa karatasi ile iliyoharibika na kuitazama. Akachukua wembe wa mama wa kufumulia mishono. Pale ambapo povu lilipaswa kuwa, akakata duara dogo, kisha jingine. Sabuni nyeupe ikachungulia. Alipomaliza matundu yote, povu lilikuwepo, jeupe kuliko wino wowote, kwa sababu lilikuwa sabuni yenyewe.

Mama akaacha kola yake akasogea. Akaishika ile sabuni mbali kidogo na macho, kama alivyoshika kila kitu siku hizi.

"Inapendeza," alisema. "Zipo ngapi?"

Kifutio akaelekeza kidole kwenye furushi.

"Yallah," mama akasema taratibu, na akaenda kutafuta wembe wa pili.

Walikata Jumamosi, wakakata Jumapili. Msemaji alikuja, akakata karatasi chache, akachana nyingine, wakampa kazi ya kukunja. Mikono ya mama ndiyo iliyokuwa na utulivu. Maduara yake yalitoka kama yamepigwa muhuri. Wateja walifika mlangoni wakakuta meza imejaa vipande vya duara kama chenga za mchele.

"Mama, gauni langu vipi?"

"Gauni lako linasubiri povu. Njoo kesho."

Jumapili mchana lengelenge lilitokea kwenye kidole gumba cha mama, pale ambapo wembe ulikandamiza. Kifutio akamwambia aache. Mama akakizungushia kidole ukanda wa kitambaa cha sare, akaufunga kwa meno. "Si ndiyo maana wanasema mtu ajikaze kisabuni," alisema, na akaendelea. Lengelenge likapasuka. Akabadilisha ukanda. Jioni ilipofika hawakuwa wakizungumza tena. Zilisikika nyembe tu zikikwaruza, na Msemaji akikunja kwa pumzi nzito kama mtu anayepanda ngazi.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa chuo ulinukia rangi mbichi na sabuni. Walizipanga sabuni zao mezani kama matofali ya nyumba ndogo. Watu walisimama. Waliziokota, wakapitisha kidole juu ya matundu, wakatabasamu bila kuambiwa watabasamu. Mkurugenzi wa studio alikuja mwishoni, mtu wa sauti ya upole, viatu visivyojua vumbi. Aliishika sabuni moja muda mrefu.

"Wazo hili lilikuwepo tangu mwanzo?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza," Msemaji alijibu. "Tulisema sabuni ijichore yenyewe."

Kifutio hakuwa na nguvu za kumsahihisha, na sentensi yenyewe ilikuwa nzuri.

"Nani aliyekata?"

"Mama yangu," alisema Kifutio. "Zaidi ni yeye."

Uso wa mkurugenzi ukafunguka. Alikuwa na mteja, akaeleza, mwenye hoteli nyingi. Alitaka sabuni ndogo kwa kila chumba, kitu chenye utu, kisicho cha kiwandani. Hivi ndivyo alivyokuwa akivitafuta. Akina mama majumbani, nyembe mikononi, kila sabuni imepitiwa na mkono wa mtu. Nyuma ya karatasi wangeandika hadithi yao fupi. "Maelfu kwa maelfu, kila mwezi," alisema kwa furaha ya kweli. "Nilikuja na nafasi moja. Kwa hili naweza kutafuta ya pili. Njooni wote wawili Jumatatu."

Basi ilikuwa pale, mbele yake, nafasi yenyewe, ananyooshewa. Kifutio aliisubiri furaha ije. Kilichokuja ni kidole gumba cha mama kwenye ukanda wa sare. Akakizidisha mara maelfu, akaona vyumba vya mbele vya watu asiowajua, nyembe zikikwaruza, na kwenye bafu la hoteli mgeni akichana karatasi ile bila kutazama, akaitupa.

"Matundu hayafai," alisema.

Mkurugenzi akadhani hakusikia vizuri. "Samahani?"

"Ni kiraka. Tulisahau kwamba nyeupe haichapiki, tukaharibu karatasi, tukaziokoa kwa vidole vya mama. Kwa furushi moja, sawa. Kwa maelfu, tutakuwa tumeacha kutupa karatasi tukaanza kutupa watu." Msemaji alimkanyaga mguu chini ya meza. Kifutio akausogeza. "Naweza kuchora upya. Mkanda mwembamba tu wa karatasi, unaizunguka sabuni katikati. Mikono iko kwenye mkanda, na juu yake sabuni iko wazi. Povu ni ileile sabuni. Mkato ulionyooka, mashine inakata, hakuna anayeumia, na karatasi inapungua zaidi ya nusu."

Alichora pale pale, nyuma ya karatasi moja. Mkurugenzi alitazama kwa adabu.

"Mkanda kila mtu anao," alisema. "Hili la mikono lina hadithi."

"Hadithi yenyewe ina lengelenge."

Mkurugenzi alitabasamu kama mtu anayefunga droo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililochosha. Mtu akikasirika unajua umemgusa. Alimshukuru kwa uwazi wake, akairudisha sabuni mezani sawasawa na alivyoikuta, kisha akamgeukia Msemaji. "Wewe njoo Jumatatu."

Alipokwisha kwenda, mwalimu wa usanifu akapita, mikono nyuma. "Kazi nimeipa alama za juu," alisema. "Leo umefuta na nafasi yako, binti."

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, Msemaji alikaa karibu naye na mabaki ya sabuni kwenye kikapu.

"Ungeingia kwanza," alisema. "Ukishakuwa ndani, ndipo unapinga."

"Kila aliye ndani alisema hivyo kabla ya kuingia."

"Mimi nitapinga."

"Lini?"

Msemaji akafikiri. "Nikishazoea."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, kisicho na mafuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wadogo zake nyumbani wanaomtazama kama watu wanavyotazama barabara ambayo basi litatokea. Waliagana bila ugomvi, na hilo nalo lilimwacha Kifutio mtupu zaidi, maana ugomvi ungemshikilia wima mpaka nyumbani.

Mama alikuwa akiambatisha vifungo. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa: sifa, hoteli, maelfu, Jumatatu, na jibu alilotoa binti yake. Akaukata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo ulimwambia sitaki."

"Nilimwambia haifai, mama."

"Nani alikuambia mimi sitaki?"

Kifutio alikodoa macho. "Kidole chako hicho."

"Kidole ni changu. Kilikuambia lini?" Sauti yake haikupanda. "Wewe na wenzako mnaisemea miti, sawa, miti haina mdomo. Mnausemea mtaro. Mimi mdomo ninao, tena mkubwa, watu wa mtaa huu wote wanaujua. Umepewa kazi yangu mkononi, umeirudisha, halafu unakuja kunihadithia kama habari ya jirani."

Kifutio alitaka kujibu. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya darasani, na aliyasikia kabla hayajatoka jinsi yatakavyolia katika chumba hiki. Akavua viatu badala yake. Akakaa sakafuni, pale ambapo kompyuta hukaa.

"Ungekubali?" aliuliza baadaye.

Mama akaweka sindano kwenye kifua cha gauni lake. Akaufungua ule ukanda, akakitazama kidole mbali, kisha karibu, akatafuta mahali anapokiona vizuri.

"Hapana," alisema. "Ile kazi ningeichukia kabla ya mwezi kwisha. Lakini ningekataa mwenyewe. Na ningechelewa kidogo kukataa, nikafurahia kuombwa."

Jumatatu Kifutio alikwenda chuoni, kisha dukani, akapanga kalenda ya mwaka ujao. Alirudi mapema kwa kuwa umeme ulikatika. Simu iliita akiwa bado anafungua mlango. Alikuwa Msemaji, na sauti yake ilikuwa na adabu mpya, ya mahali penye zulia.

"Sikia, dada. Wanataka lile faili la matundu. Wamenituma mimi, kwa kuwa mchoro ni wetu sote. Ile hoteli imekubali."

"Na wakataji?"

"Wanasema watapatikana. Nimewatajia mkanda wako, kweli nimeutaja. Wamesema baadaye. Nimewatajia pia mama. Wanasema kama yuko tayari, aanze yeye, awafundishe wengine."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Kifutio, limenolewa, lenye hasira yote aliyoikosa siku ya maonyesho. Alilimeza. Lilikwenda chini kwa shida.

"Mama yuko hapa," alisema. "Muulize mwenyewe."

Akampa simu. Mama aliifuta kwenye gauni kwanza, akaishika sikioni kwa mkono wenye kidole kizima, na akajiweka sawa kitini kama mgeni wa heshima.

"Hujambo, mwanangu. Hongera kwa kazi. Wamekupa kiti kizuri?" Akasikiliza. "Eeh. Eeh. Nimekusikia. Sasa ngoja nikuulize mimi. Hao akina mama, wakiumia vidole, nani anawauguza? Hapana, najua hujui, ndiyo maana nakuuliza, na wewe ukaulize. Usione haya, ndiyo mwanzo wa kazi. Na wewe mwenyewe, uliwahi kukata karatasi ngapi pale kwangu? Zisizochanika, nasema. Haya. Kabla faili halijatoka kwa binti yangu, kata siku nzima, asubuhi mpaka jioni, mbele ya huyo mkubwa wako, kisha nipigie."

Upande wa pili kulikuwa na kicheko, kisha hakukuwa na kicheko. Msemaji alianza kueleza kitu kirefu. Mama akaegemea, akavuta gauni la mteja magotini, na akawa anamsikiliza huku akitafuta kwa ncha ya kidole mahali kifungo kilipotoka.

"Endelea," alimwambia. "Sina haraka. Nina vifungo vingi."

Kifutio alikuwa ameweka kichwa juu ya rundo la sare zisizo na mikono. Alikusudia kusikiliza mpaka mwisho. Alisikia mama akisema hapana, mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili akiifurahia, na kabla ya ile ya tatu usingizi ulikuwa umeshamchukua, viatu vikiwa bado miguuni.